Nilivyompata kaka yangu baada ya kuhamishwa gereza

Kaka alipohamishwa, hakuna aliyetuarifu. Tuliandika barua zikakosa majibu, mwisho moja ikarudi na maneno "hayupo hapa". Mama alishindwa kula.

Watu walinishauri nizunguke gereza hadi gereza nikiuliza. Hiyo ni kujichosha bure, maana askari wa langoni anawajua wafungwa wa kwake tu. Mimi nilirudi kwenye mahakama iliyomhukumu. Nikampa karani jina na mwaka, akalitafuta jalada. Nilinakili namba ya kesi, tarehe ya hukumu na majina yote kama yalivyo kwenye hati ya kifungo. Kumbe kaka aliandikishwa kwa jina la babu, na sisi siku zote tulikuwa tukiuliza kwa jina la baba!

Nikaandika makao makuu ya magereza. Kwa heshima zote nikataja Kanuni za Nelson Mandela, yaani kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kanuni ya 68 inasema mfungwa apewe nafasi ya kuwajulisha ndugu zake mara moja anapofungwa, anapohamishwa au anapougua sana. Si sheria ya nchi, lakini inakuonyesha kwamba unachoomba si hisani. Walinijibu kwa jina la gereza na namba yake ya mfungwa.

Barua ya kwanza ndiyo iliyonitoa jasho. Barua za wafungwa hukaguliwa, kwa hiyo habari za kesi sikuzigusa. Wala sikumuuliza kwa nini alinyamaza, kwani niliihisi aibu yake. Nilimpa habari za nyumbani: nani kaolewa, nani katutoka, mwanawe yuko darasa la ngapi na anavyopenda kuchora.

Akajibu kwa ufupi: "Mwambie mama mimi mzima. Usije kwanza."

Iliniuma, ila sikwenda. Niliendelea kuandika mpaka mwenyewe akanitajia siku za kutembelewa na kitambulisho kinachotakiwa. Tulipoonana aliuliza habari za mtoto tu, muda ukaisha.

Kabla ya kuondoka niliomba kuonana na ofisa wa ustawi. Kwenye jalada la kaka, sehemu ya ndugu ilikuwa tupu. Sasa pana jina langu, la mama, anwani na namba zetu za simu.