Mstari wa hezi 24

Sharti la chumba cha hadubini ya elektroni tulichojenga Mbeya lilikuwa fupi: sakafu isitetemeke kupita mikromita 6.25 kwa sekunde, kiwango ambacho wahandisi hukiita VC-D. Kwenye ghorofa, nyayo za mpita njia tu huvuka hapo, kwa hiyo chumba kikawa chini, katika kona iliyo mbali kabisa na barabara ya Tunduma. Lori likiruka tuta hutikisa udongo kati ya hezi 10 na 15 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na mtetemo wa namna hiyo hauulizi zege lako ni nene kiasi gani. Dawa yake ni umbali.

Chini ya mashine tulimwaga bonge la zege la mita 4 kwa 4, kina sentimita 90, tani 35 hivi, likitengwa na sakafu ya jengo kwa mwanya wa milimita 50 pande zote.

Siku ya kupima, jiofoni, kifaa cha kupima mtetemo, juu ya bonge ikachora mstari mmoja mkali kwenye hezi 24.

“Malori hayo, mkuu,” fundi umeme akasema.

Lori huja likapita. Mstari huu haukuondoka. Hezi 24 ni mota ya ncha nne za sumaku, mizunguko 1,450 hivi kwa dakika, na pampu ya maji ilikuwa nyuma ya ukuta. Ilipozimwa, mstari ukatoweka. Ila pampu ilikaa kwenye sakafu ya jengo, ambayo haikupaswa kugusa bonge.

Tukang'oa mpira uliofunika mwanya, tukamulika tochi. Uji wa zege uliochuruzika wakati sakafu inamwagwa ulikuwa umegandia humo, upana wa kiganja tu. Unatosha kabisa kupitisha mtetemo. Bomba gumu la nyaya nalo lilitoka sakafuni likaingia moja kwa moja kwenye bonge.

Uji ule uliondolewa kwa tindo na nyundo, taratibu, kingo zisipasuke. Bomba likakatwa, pengo likaungwa kwa hosi laini iliyolegezwa. Pampu ikapandishwa juu ya springi zinazodidimia milimita 25 kwa uzito wake, yaani masafa yake ya asili, mitetemo ambayo hucheza yenyewe ikisukumwa, ni hezi 3 hivi, mbali na 24. Duka lilitushauri vipande vya mpira. Vinavyodidimia milimita 1 vina hezi 16, karibu mno na 24, havipunguzi cha maana.

Tulirudia kupima usiku, malori ya shaba yakipita. Mstari wa 24 haukuonekana tena, na mtetemo wa malori kwenye tuta ulibaki chini ya kiwango.