Jioni ya mashairi karakanani, Soweto

Julai 2022, katikati ya kipupwe, kikundi chetu kidogo cha waandishi wa Mbeya kilifanya jioni ya mashairi na hadithi fupi ndani ya karakana ya seremala, maeneo ya Soweto, hapahapa Mbeya. Watu arobaini, wasomaji kumi na wawili, na kijitabu cha kurasa 16 kilichoshonwa kwa cherehani. Ukumbi wa kukodi hatukuutafuta. Kodi yake ingemeza kila kitu kabla hata ya kununua sukari, na wasikilizaji wetu wengi ni vijana wanaouza laini za simu Kabwe au kusuka nywele Mwanjelwa. Ukiwapandishia kiingilio, umewafungia mlango.

Tuliwaendea wenye biashara za mtaani, na kabla ya kubisha hodi popote tulikubaliana kwamba hatuombi mchango wa fedha. Ukimwomba mfanyabiashara mdogo fedha, unamwomba mtaji. Ukimwomba kitu kilicho tayari mkononi mwake, kama mbao zinazosubiri mteja au mashine inayopumzika jioni, anapiga hesabu nyingine kabisa, na mara nyingi anakupa na ushauri juu yake.

Barua kwa mwenyekiti wa mtaa ilitangulia wiki nzima. Iliandikwa kwa ufupi: nani mwenyeji, watu wangapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kama kuna spika au hakuna. Saa ya kumaliza ndiyo aliyoiangalia zaidi.

Fundi seremala alikubali siku ileile. "Karakana nawapa, wanangu, ila mtafagia wenyewe, na jiko la mkaa haliingii humu." Alikuwa na haki kwa sababu mbili. Maranda na unga wa mbao vinashika moto kwa cheche moja. Pia baridi ya Julai huwafanya watu wafunge kila dirisha, na hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu. Mtu husinzia tu. Jiko likakaa nje, upande ambao upepo ulikuwa unachukua moshi mbali na karakana.

Kufagia karakana kuna utaratibu wake. Unanyunyiza maji kwanza, la sivyo unga wa mbao unapaa, unakaa hewani, kisha unatua juu ya viti ulivyokwisha kupanga. Tulifagia asubuhi, tukaacha vumbi litulie, tukafagia tena mchana. Misumari tuliiokota kwa sumaku ya spika mbovu aliyokuwa nayo fundi kwenye droo.

Viti vilikuwa mbao zake za msonobari, inchi mbili kwa nane, urefu futi 12, juu ya matofali ya saruji ya inchi 6. Tofali la aina hiyo likilala kwa ubavu lina kimo cha inchi 9. Mawili yakipandana yanafika inchi 18, kimo cha kiti cha kawaida. Matofali yanawekwa kukingama na ubao ili yasipinduke mtu akijiegemeza nyuma. Kila ubao ulipata nguzo tatu: mbili za pembeni na moja ya katikati, kwa sababu futi 12 bila nguzo ya kati hunesanesa, na mmoja akikaa wote wanarushwa. Umbali wa nguzo za pembeni ndio unaoleta ajali. Zikiingia ndani futi tatu kutoka mwisho wa ubao, waliokaa katikati wakisimama kupiga makofi, aliyekaa pembeni anakwenda chini na ubao unapaa upande wa pili. Fundi aliziweka futi moja tu kutoka mwisho, kisha akasimama mwenyewe pembeni kabisa kuujaribu. Mbao saba, watu sita sita kwa kuwa kila mtu amevaa koti. Juu yake tulitandaza magazeti, maana msonobari usiopakwa kitu hunywa chai iliyomwagika na doa halitoki hadi upigwe randa.

Kilichotusumbua ni sauti. Kuta za tofali, paa la bati, sakafu ya saruji: neno linatoka, linagonga, linarudi, na silabi inayofuata inaikuta ya kwanza bado inazunguka. Kwenye shairi la mizani 16 huo ni msiba, kwa sababu msikilizaji anasubiri kina, na kina kikifika kimefunikwa na mwangwi shairi limekufa. Dawa ilitoka kwa mama anayeuza mitumba. Alileta blanketi zake nzito, tukazitundika kwenye kamba kuzunguka kuta tatu, kila moja ikiwa imeachana na ukuta kiasi cha kiganja, maana blanketi lililoachana na ukuta hunyonya sauti kuliko lililogandamana nao. Mwangwi ukapungua sana. Kila blanketi lilikuwa na kipande cha karatasi chenye bei. Kufikia saa moja usiku, kwa baridi ile ya Mbeya, watu walikuwa wanayashusha wenyewe ukutani na kulipa. Alirudi na mzigo mwepesi, na mwaliko uliofuata hatukuhitaji kumbembeleza.

Kijitabu kilichukua muda kuliko kazi nyingine zote, na ninakisemea kwa kirefu kwa sababu ndicho kitu mtu anachobaki nacho. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16. Tulizigawa hivi: ukurasa wa jina, ukurasa wa yaliyomo, kurasa kumi na mbili za waandishi, mmoja mtupu wa kuandika, na wa mwisho wa matangazo ya waliotusaidia. Siri ya kupanga ni kwamba kurasa mbili zinazokaa pamoja upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishe 17. Karatasi ya nje inabeba 16 na 1, mgongoni 2 na 15. Inayofuata 14 na 3, mgongoni 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, mgongoni 6 na 11. Ya ndani kabisa 10 na 7, mgongoni 8 na 9. Namba ndogo ikiwa witiri inakaa kulia, ikiwa shufwa inakaa kushoto.

Mwenye stesheneri alitufundisha mambo mawili ambayo yaliokoa rimu nzima. La kwanza, faili liandikwe kwenye ukurasa wa A5, yaani nusu ya A4, tangu mwanzo. Wengi huandika kwenye A4 kwa herufi za ukubwa wa 12, kisha printa inalazimika kupunguza ukurasa uingie nusu ya karatasi, na herufi zinashuka hadi 8 na nusu hivi. Mchana zinasomeka, jioni kwenye taa hafifu msomaji anakodoa macho na kupoteza mapigo ya shairi. La pili, kuchapa pande mbili kwa karatasi iliyolala kunataka printa igeuze kwa upande mfupi. Ikigeuza kwa upande mrefu, mgongoni maneno yote yanakaa kichwa chini. Alichapa nakala moja, tukaikunja, tukaipitia ukurasa kwa ukurasa, ndipo akachapa arobaini.

Steplaza ya kawaida haifiki katikati ya A4. Fundi cherehani jirani alizishona. Karatasi nne na jalada la manila zilipangwa zikiwa wazi, mstari wa penseli ukapigwa katikati kabisa, naye akapitisha mshono mmoja juu yake. Alifungua mshono hadi ukawa mrefu kabisa ambao mashine yake inatoa. Mshono mfupi hutoboa karatasi matundu yaliyokaribiana, na ukikunja tu inachanika kama stempu. Uzi aliulegeza kidogo kwa sababu hiyohiyo. Hakurudi nyuma mwanzo wala mwisho wa mshono kama afanyavyo kwenye nguo. Aliacha uzi wa vidole vitatu kila upande akaufunga fundo kwa mkono. Sindano ilikuwa nene, namba 16, na ilikuwa ya zamani, kwa sababu karatasi huifanya sindano butu na huwezi kuirudisha kwenye kitambaa cha mteja. Vijitabu vikakaa usiku kucha chini ya ubao mzito ili mikunjo ilale.

Kazi ya chai tulimpa mama lishe wa kona, na hapa ndipo waandaaji wengi wanapoumiza watu bila kujua. Mtaji wa mama lishe unazunguka kila siku: anachouza leo ndicho kinachonunua unga wa kesho. Ukimwambia alete chai, atalipwa baada ya tukio, kesho hana biashara. Tulimkabidhi vifaa vyote siku moja kabla. Kwa watu arobaini, vikombe viwili kila mmoja, ni lita 16: maji lita 10, maziwa lita 6, majani ya Rungwe gramu 150, tangawizi mbichi robo kilo ya kutwanga, sukari kilo moja mezani. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo tangawizi na majani vinataka kutokota dakika kadhaa zaidi kuliko mtu wa Dar es Salaam anavyozoea. Chupa za chai alizisuuza kwa maji ya moto kabla ya kumimina, maana chupa iliyolala kwenye baridi inakula joto la chai yote. Kikombe cha kwanza kilikuwa ndani ya kiingilio. Cha pili na maandazi aliuza mwenyewe, faida yake.

Tulianza saa kumi. Shairi la beti sita likisomwa kwa kusema halifiki dakika mbili; likighaniwa huzidi mara mbili yake. Tulikuwa tumemuuliza kila msomaji mapema kama anasoma au anaghani, kila mmoja akapewa dakika tano. Kinachokula muda ni kule kuitwa, kupita katikati ya magoti ya watu, kutafuta karatasi, kukohoa. Dakika moja na nusu kwa watu kumi na wawili ni dakika 18 za bure. Msomaji anayefuata alikaa tayari mwisho wa ubao wa mbele, ukurasa ukiwa wazi.

Muuza vifaa vya simu alileta spika na maikrofoni. Ilipiga mluzi mkali dakika ya kwanza tu, kwa kuwa spika ilikuwa nyuma ya msomaji: maikrofoni inaisikia spika, spika inaikuza, maikrofoni inaisikia tena. Tukaisogeza mbele, ikielekea wasikilizaji, mluzi ukaisha. Baada ya hapo msomaji wa tatu aliikataa kabisa, akasimama na sauti yake, na chumba cha mita 6 kwa 10 chenye blanketi ukutani kikamtosha. Waliofuata wote walifanya hivyo.

Saa kumi na moja mashine ya kusaga ya jirani ikaanza kuunguruma. Mwenye mashine alikuwa ameahidi kunyamaza, lakini wateja wawili walifika na mahindi, na huwezi kumwambia mtu arudishe debe nyumbani kwa ajili ya shairi. Mwongozaji wetu hakubishana nayo. Aliita mapumziko ya chai papo hapo. Mashine ilipozima, watu walikuwa na vikombe mkononi na joto tumboni, na nusu ya pili ilisikilizwa vizuri kuliko ya kwanza.

Umeme ulikatika karibu na saa moja, jua likiwa limekwisha kuzama. Taa nne za sola zilikuwa zimechajiwa tangu asubuhi. Mbili zilielekezwa juu kwenye bati ili mwanga urudi chini kwa upole. Taa inayotazama watu huwapofusha, na msomaji anaona weusi mtupu. Ya tatu ilikaa nyuma ya bega la msomaji, upande wa kushoto, ikimulika karatasi. Ya nne ilikuwa mlangoni, kwenye kizingiti. Mzee mmoja aliyekuwa akighani ngonjera yake na mjukuu wake hakukatiza hata ubeti.

Tulifunga saa moja na nusu. Bodaboda wanne wa kijiwe cha karibu walikuwa wameambiwa saa hiyo tangu Ijumaa, na nauli tulikubaliana nao kabla.

Hesabu ilifanyika palepale, mbele ya wote walioshiriki. Kiingilio shilingi 2,000 kwa watu arobaini ni 80,000. Stesheneri 20,000 kwa karatasi na wino. Vifaa vya chai 25,000, na mkono wa mama lishe 10,000. Ushonaji 8,000, yaani shilingi 200 kwa kijitabu. Umeme wa fundi 5,000. Zilizobaki 12,000 zilinunua rimu ya kijitabu cha pili Jumatatu yake. Fundi seremala alikagua mbao moja moja kwa kiganja, akakuta zote safi, akachukua nakala mbili za kijitabu: moja yake, nyingine akaipigilia msumari ukutani penye bei za vitanda.