Viwavijeshi wakiwa hawana jeshi

Kiangazi hiki, wakati hakuna mkulima anayewataja, viwavijeshi wako wapi? Swali hili limenikaa kichwani tangu niliposoma kwamba baadhi yao wako huku huku kwetu, kwenye nyasi za pwani ya Kenya na Tanzania zinazopata manyunyu hata nje ya msimu, na wengine wako nyanda za juu ambako majani hayakauki kabisa. Ninaishi Pangani. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa ukoka ambako mbuzi wa jirani hushinda wakila. Sikuwahi kuudhania kuwa maskani ya mdudu ambaye shangazi yangu, mkulima wa mahindi kule Dumila, humtaja kwa sauti ile ile anayotumia kuwataja wezi.

Nondo mwenyewe, yule mdudu wa mabawa anayezaa viwavijeshi, hana sura ya kukumbukwa. Ana rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, na akikunjua mabawa hafiki mbali zaidi ya sentimita 3. Mabawa ya nyuma ni meupe. Wataalamu humwita Spodoptera exempta. Jike hutaga mayai kwa mafungu kwenye majani na kuyafunika kwa vinyweleo vyeusi vya tumboni mwake. Akitua kwenye ukuta wa baraza, karibu na taa, utampita ukienda kulala.

Kilichonishangaza zaidi ni rangi ya watoto wake. Kiwavi akikua peke yake kwenye majani huwa wa kijani au hudhurungi, mzito wa kutembea, na hujificha chini kwenye mashina ya nyasi. Huyu ndiye wa kiangazi, na kwa kweli hana kosa lolote kwa mtu. Lakini ndugu zake wa tumbo moja wakikua wamesongamana, wakigusanagusana mchana na usiku, hugeuka weusi kama mahameri wakawa na michirizi pembeni. Hula juani bila kuogopa, na majani yakiisha huanza safari pamoja kwa miguu. Kuna jambo jingine ambalo nimelisoma mara mbili ili niliamini: wale weusi hustahimili zaidi virusi vinavyowaua viwavi hawa. Msongamano ndio unaoleta maradhi, na msongamano huo huo ndio unaowapa kinga. Sisi tunawajua katika hali hii tu, ya hasira, tukadhani ndiyo tabia yao.

Shangazi husema wameshuka na mvua. Zamani nilikuwa nacheka kimoyomoyo, na sasa naona hakukosea sana. Nondo wakishatoka udongoni, walikojizika wakiwa viwavi na kugeuka, huruka usiku, hupanda juu mamia ya mita na kufuata upepo uendako. Katika usiku mmoja wanaweza kuvuka kilomita 100 na ushee. Safari hiyo huweza kuendelea kwa siku kadhaa, na kupandana huja baadaye. Mvua za vuli zikianza, pepo zitokazo baharini huwapeleka bara. Pale pepo zinapokutana kwenye mawingu ya dhoruba, nondo waliokuwa wametapakaa husombwa wakakusanywa pamoja, kisha hushukia eneo moja lenye nyasi changa. Hutaga, na baada ya siku chache mayai huanguliwa. Mwanzoni viwavi ni wadogo na wa kijani, nani atawaona? Wanapokuja kuonekana wameshanenepa, ni weusi, na shamba limebaki vijiti. Kwa hiyo walioshuka na mvua ni mama zao.

Vizazi vinavyofuata huendelea kusogea kaskazini na magharibi, nyuma ya mvua: Kenya, Uganda, Ethiopia, miaka mingine hadi Yemeni. Maisha yote, kutoka yai hadi nondo, huchukua takriban mwezi mmoja tu.

Wilaya ya Kilosa, ambayo ndiyo ya shangazi, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambako wanavijiji walifundishwa kuwatabiri wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hutundika mtego wenye harufu ya jike, huhesabu madume walionaswa kila asubuhi, na hupima mvua. Nondo wakiwa wengi na mvua imenyesha, watu hutangaziwa wakakague mashamba. Mimi naona huu ni ujuzi wa maana kuliko ndege yoyote ya kupulizia dawa. (Wasichanganywe na viwavijeshi vamizi waliotoka Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016. Wale hujichimbia ndani ya moyo wa muhindi. Jina limefanana, ila dawa na mbinu zinatofautiana.)

Jana nilimpigia shangazi, nikamwamkia na kumsimulia haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

“Sasa mwanangu, kama wako huko kwenu, wachache na wazembe, mbona hamwamalizi huko huko?”

Nikamweleza kwamba huwezi kupulizia dawa pwani nzima kumtafuta kiwavi mmoja mmoja chini ya majani, na kwamba hata ukifaulu, wa nyanda za juu wamebaki. Akaguna.

“Basi niulizie bwana shamba kama ule mtego bado upo. Na hao mbuzi wa jirani yako, waache wale vizuri.”