Tunavyojipanga kwa wikendi za miamba Hell's Gate na marafiki wa zamani

Wenzetu wa Ulaya husubiri majira ya kuchipua ndipo watoe kamba kabatini. Sisi tunasubiri mvua za vuli zikatike. Januari na Februari, kabla masika hayajaanza, miamba ya Naivasha huwa mikavu, na hapo kundi letu la tangu chuoni hukutana Hell's Gate, hifadhi ya taifa karibu na Naivasha nchini Kenya, kwa siku mbili: Jumamosi kupanda, Jumapili kutembea. Mpangilio huo hatuupindui. Miguu iliyochoka bado itakufikisha kwenye gari, lakini mtu aliyechoka hafai kushika kamba ya mwenzake.

Kundi la marafiki wa zamani lina hatari yake, nayo ni mazoea. Mtu mliyepanda naye mkiwa na miaka ishirini na mitano unamwamini hata humtazami fundo. Kwa hiyo karibu kila utaratibu tulio nao umewekwa kuzuia imani hiyo isichukue nafasi ya macho.

Tunaanza na vifaa, maana kila mmoja ana begi la enzi zile, na ndani mna mkanda wa kiunoni, ule ambao mpandaji hufungia kamba, uliokaa stoo miaka na miaka. Nailoni huzeeka hata isipotumika. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10, na mwaka wa kutengenezwa husomeka kwenye lebo iliyoshonwa ndani ya mkanda. Uliopitwa na wakati tunaukata vipande vipande asije mtu akauokota na kuutumia.

Kamba naikagua usiku wa kuamkia safari, mita kwa mita. Naipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, na kila baada ya hatua naikunja iwe kitanzi kidogo. Kamba isiyo na dosari hujikunja mviringo mzuri. Pale inapovunjika kona kali, au vidole vinapohisi imebonyea, kiini kimeumia hata kama ganda la nje linang'aa. Sehemu hiyo ikiwa karibu na ncha naikata. Ikiwa katikati, kamba imestaafu. Kamba iliyosafiri kwenye buti la gari pamoja na betri siipandishii mtu kabisa: asidi hula nailoni bila kuacha alama yoyote ya kuonekana.

Malipo ya kiingilio ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo tunayamaliza tukiwa Naivasha mjini kwenye mtandao wa uhakika, kisha tunaingia kwa geti la Elsa asubuhi na mapema. Fischer's Tower iko mwendo mfupi tu kutoka hapo. Ni nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa kama mita 25, iliyopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika sehemu hizo mwaka 1883. Wanaoongoza wapandaji hapo chini ya mnara tunawasalimia na kuwauliza kwanza, kwa sababu wao ndio wanaojua nyuki wamehamia ufa gani mwezi huu. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka kwenye ufa, njia hiyo imefungwa kwa siku hiyo, hakuna mjadala. Mtu anayening'inia kwenye kamba hana pa kukimbilia. Manukato pia tunayaacha nyumbani.

Asubuhi tunapanda upande wa magharibi ulio kivulini, mchana tunahamia mashariki. Mwamba wa jua kali hutoa jasho vidoleni, na chaki ya kukaushia vidole haisaidii sana.

Mmoja anayejua kuongoza hupanda kwanza kwa njia rahisi, akiweka kinga (vyuma vya kubana kamba ili asianguke mbali) kwenye nyufa, kisha hufunga nanga juu, yaani mahali pa kushikilia kamba, ili wengine wapande kamba ikiwa imewatangulia. Nanga ndiyo inayotuchukua muda mwingi. Tunataka pointi tatu zisizotegemeana. Chuma cha zamani kilichopigiliwa mwambani tunakihesabu kama nyongeza, hata kikionekana imara kiasi gani. Kabla ya kuweka kinga ndani ya ufa, gonga mwamba pande zote mbili kwa ngumi: ukisikia mlio wa utupu, hilo ni bonge lililoachana na ukuta, na ukilivuta litang'oka.

Mikanda inayounganisha pointi hizo iwe mirefu ya kutosha ili pembe kati ya mikono yake isizidi nyuzi 60. Hapa wengi huharibu kwa kubana matumizi ya mkanda. Kwa nyuzi 60 kila upande hubeba kama asilimia 58 ya mzigo. Kwa nyuzi 120 kila upande hubeba mzigo wote, na maana ya kuwa na pointi mbili imepotea. Mwisho, nanga ivuke ukingo wa mwamba ili kamba isisuguane na jiwe, na kamba ipite kwenye karabina (pete za chuma zenye mlango) mbili za kufungwa, midomo ikitazama pande tofauti. Kamba haipiti moja kwa moja kwenye mkanda wa nailoni: nailoni ikisuguana na nailoni huyeyuka kwa sekunde chache mtu anaposhushwa.

Kamba yetu ni ya mita 60. Kupanda na kushuka mnara huu ni mita 50, inabaki 10, na bado ncha ya chini tunaipiga fundo. Kuna watu wameanguka kwa sababu kamba ilimalizika mikononi mwa mshikaji, yaani aliye chini akishika kamba ya mpandaji, akiwa anamshusha mwenzake, na fundo moja lingeizuia.

Kabla mguu haujaacha ardhi, wawili hukaguana kwa kugusa. Mshikaji anafuata kwa kidole fundo la nane la mpandaji, lenye umbo la tarakimu 8, kamba mbili zikienda sambamba kila mahali, mkia usiopungua sentimita 10, na kamba imepita kwenye vitanzi vyote viwili vya mkanda wa kiunoni. Mpandaji naye anabana karabina ya mshikaji kuona imefungwa, kisha anavuta kamba kwa nguvu kuona kifaa cha kushikia kamba kinashika. Mazungumzo yote husimama hapo. Fundo lililoachwa nusu kwa sababu mtu aliitwa au alikuwa akicheka hadithi ya zamani ni ajali ambayo imewapata hata mabingwa.

Maneno ya kuitana ni machache na huanza na jina: "Vuta," "Legeza," "Nishushe," "Jiwe!" Neno "Niko sawa" tumelipiga marufuku. Aliye juu humaanisha hajambo, aliye chini huelewa kwamba mwenzake amejifunga kwenye nanga, anaondoa kamba, na mwenzake anajiegemeza kwenye hewa.

Miili yetu nayo imebadilika. Mpandaji akimzidi mshikaji kilo 20 au zaidi, mshikaji tunamfunga kwa mkanda kwenye jiwe kubwa nyuma yake, la sivyo ataburutwa hadi ukutani. Njia tatu za kwanza ni rahisi kwa kila mtu, hata kwa yule aliyewahi kuwa mkali wetu. Misuli hurudi baada ya wiki chache za mazoezi, kano za vidole huchukua miezi, na ukizilazimisha asubuhi ya kwanza kidole cha pete hulia kama kijiti kikavu na msimu wako umeisha.

Jumapili ni Mlima Longonot, volkano iliyo jirani. Kutoka geti hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, kuzunguka ukingo ni 7.2, na kilele kina mita 2,776. Kivuli hakipo, vumbi la majivu huteleza hasa wakati wa kushuka, kwa hiyo lita 3 za maji kwa kila mtu, viazi vitamu, mayai na njugu, na tunaanza saa moja asubuhi. Korongo la Ol Njorowa ndani ya Hell's Gate ni zuri zaidi, lakini mwezi Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba kila mara. Mvua hunyesha mbali huko juu, nawe unatembea kwenye mchanga mkavu. Tunaingia tu likiwa limefunguliwa, tukiwa na mwongozaji, na wingu zito likionekana upande wowote tunageuza safari.

Saa tisa alasiri tunakuwa barabarani, kwa sababu baada ya hapo foleni ya Naivasha kwenda Nairobi hushika hadi usiku. Kamba huoshwa jioni hiyohiyo kwa maji baridi na sabuni ya kipande isiyo kali, maana chembe za majivu huingia ndani ya ganda na kukata nyuzi kidogo kidogo, halafu inaanikwa kivulini siku mbili kabla ya kurudi kwenye begi.