Nilivyokata mawasiliano na ex wangu wakati mama yake bado ananiita mkwe

Watu wakikwambia kata mawasiliano wanamaanisha mblok basi yaishe, ila mimi naona kublok ndo kazi ndogo kuliko zote. Nipo Moshi, nauza vitenge Mbuyuni, yeye anafanya kazi Arusha na kwao ni Kibosho, na kwao nilishatambulishwa, kwahiyo tulivyoachana zilibaki njia kibao za kufikiana bila hata kupigiana simu. Na Arusha yenyewe ni kama kilomita 80 tu, ukipanda Kosta asubuhi saa nne ushafika.

Sikupotea kimya kimya. Nilimwandikia meseji moja kwamba naomba tusitafutane kabisa, sina ubaya na wewe ila nataka nipone. Alikuwa ananidai hela kidogo ya mtaji, nikamalizia yote siku ileile kwa M-Pesa maana nilijua hilo deni ndo lingeleta "mambo, vipi ile hela" kila mwisho wa mwezi. Ndo nikablok. Na mjue WhatsApp ukimblok mtu bado anaweza kukupigia simu ya kawaida, inabidi ublok na kwenye simu yenyewe, na kama mpo group moja meseji zenu mnaendelea kuonana. Sisi tulikuwa wote kwenye group la harusi, nikamwambia mwenyekiti wa kamati mchango wangu nitamtumia yeye moja kwa moja, nikatoka.

Picha zake nilimpa dada angu kwenye flashi nikafuta kwenye simu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, Helen Fisher na wenzake walichukua watu 15 walioachwa na bado wanapenda, wakawaonyesha picha za hao wapenzi wao huku wanapimwa ubongo, zikaonekana kufanya kazi sehemu zilezile zinazohusika na uraibu wa kokeini. Mimi hiyo ilinisaidia sana kwa kweli, nikaelewa kwanini nikichungulia profile yake usiku silali, nikaacha kujiona mjinga.

Sasa mama yake. Hapa ndo palikuwa pagumu kuliko kote. Yule mama ananipenda, parachichi zikiiva ananitumia, akishuka sokoni lazima apite dukani, na kila akija anaanza "mwenzio alinipigia jana anasema..." na mimi moyo unarudi kulekule nilikotoka. Kumkwepa sikuweza, ni mtu mzima na hajanikosea kitu. Nikapanda Kibosho Jumapili baada ya misa, nikamwambia shikamoo mama, nimekuja na ombi. Nikamwambia wewe utabaki kuwa mama angu, nitakuja kukusalimia, ukiumwa niite, ila naomba habari zake usiniletee na zangu usimpelekee, hata akiuliza. Alinyamaza muda mrefu akasema mwanangu mimi nilidhani mtarudiana ndo maana nilikuwa nakuambia. Tulilia wote wawili. Na toka siku ile ameshika neno lake, nampenda zaidi kwa hilo.

Usiku nikishafunga duka ndo hamu inakuja, hapo utaratibu ulikuwa chochote ninachotaka kumwandikia yeye namtumia dada kwa voice, hata iwe matusi, na dada hajibu hoja anasema tu "nimesikia, lala". Inatosha kabisa.

Desemba ikafika na mnajua Moshi Desemba, Wachaga wote wanapanda nyumbani. Nikamuuliza mama mapema siku gani watakuwa na wageni, nikaenda kumsalimia kabla. Mimi na ex tulikuja kukutana kanisani Krismasi, tukapeana mkono, akauliza biashara nikasema nzuri, nikaenda zangu kwa wifi angu kula. Blok sijatoa na sina mpango wa kutoa, na mama jana kaniagiza kitenge cha Pasaka.