Nilivyoachana na predni huku nasubiri tezi zangu zijijenge upya

Jamani naandika hili maana watu wanameza predni (prednisoloni, vidonge vya steroidi) kama peremende. Mimi nina pumu, na karibu miaka 2 nikibanwa tu nakimbilia duka la dawa, mwisho nikawa nameza 20 mg kila siku mpaka uso ukavimba. Nikaogopa nikaacha ghafla, siku ya nne siwezi kunyanyuka kitandani, natapika, nikisimama naona giza, presha 80 kwa 50. Hospitali wakanitundikia dripu na kunichoma haidrokotisoni, steroidi ya sindano.

Dokta mmoja mama mtu mzima akaniambia mwanangu tezi zako za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, zimelala. Akachukua karatasi akachora. Tabaka la nje linatoa aldosteroni, homoni ya kutunza chumvi mwilini, la kati kotisoli, homoni ambayo predni inaiiga, na seli hazikai sehemu moja maisha yote, zinazaliwa kule nje chini ya gamba, zinasogea taratibu kwenda ndani, zikifika tabaka la kati zinabadilisha kazi zinaanza kutoa kotisoli, zikizeeka zinafia huko ndani. Yaani kinyume na kitunguu, kitunguu kichanga kiko katikati, hapa kichanga kiko nje. Kumbe mtafiti mmoja, Gottschau, alishalisema hilo tangu 1883! Na 1938 kuna watafiti waliwatoa panya nyama yote ya ndani ya tezi wakaacha gamba tu na seli chache zilizoshikana nalo, tezi ikaota tena.

Hapo ndo nilipopata moyo. Kwa sababu predni ilifanya ubongo uache kutuma ACTH, homoni inayoziamuru tezi zitoe kotisoli, tabaka la kati likanywea, ila la nje lenyewe linasikiliza zaidi angiotensini (homoni ya kupandisha presha) na potasiamu kwahiyo lilibaki hai. Nikajiambia mbegu ipo, kazi yangu ni kusubiri.

Na kusubiri kwenyewe sio mchezo. Alinirudisha kwenye predni, tukapunguza 2.5 kila baada ya wiki kadhaa mpaka 5 mg, kuanzia hapo 1 mg kwa mwezi, na hapo ndo pagumu kuliko kote, viungo vinauma, uchovu, unatamani umeze kimoja cha ziada. Nilikuwa naiangalia ile karatasi niliyoibandika ukutani, nawaza seli zinatembea. Hata panya, dume huchukua miezi kama 9 kubadilisha tabaka zima na jike kama 3, sasa mimi nina haraka ya nini?

Nilipopata malaria nilimeza mara mbili ya dozi kama alivyonielekeza, na kwenye pochi nina kadi inayosema natumia steroidi.

Kipimo cha kotisoli tulikuwa tunachukua saa 2 asubuhi kabla sijameza dawa. Cha kwanza 62 nmol/L, miezi mitano baadae 140, nililia kwenye daladala. Mwezi wa 13 ikaja 370, dokta akaniambia haya mwanangu, kile cha mwisho usimeze kesho. Sasa hivi natumia inhela tu, na karatasi bado iko ukutani.