Nyota ya tano ya Msalaba: nilivyolipata giza nikiwa naishi Dar

Kipimo changu cha anga ni nyota moja ndogo. Msalaba wa Kusini una nyota nne kubwa, halafu ipo ya tano, hafifu, imejibanza chini upande wa kulia pale msalaba unapokuwa umesimama wima. Bendera ya Australia imeichora. Ya New Zealand imeishia kwenye zile nne. Nikifika mahali usiku nikitaka kujua anga la pale likoje, nautafuta Msalaba kwanza, nahesabu.

Kwangu Sinza nilikuwa nahesabu tatu. Mwezi Mei, masika yakielekea kukatika, saa tatu usiku Msalaba unakuwa umesimama kusini, na mimi nikiwa juu ya paa la ghorofa tunalopanga nauona ukielea juu ya taa za Manzese. Tatu tu. Nimekulia Kilwa, kwenye nyumba ambayo chemli ikizimwa unatoka uani na nyota zimejaa mpaka kwenye minazi, kwa hiyo hizo tatu ziliniuma kweli. Nilijiona kama mtu aliyerudi kwao akakuta nyumba imebomolewa.

Sababu haina siri. Dar ilihesabiwa na sensa ya 2022 kuwa na watu zaidi ya milioni 5, na jiji la ukubwa huo linawaka usiku kucha: taa za barabarani, mabango ya matangazo, taa nyeupe za ulinzi kwenye kila ukuta. Mwanga unaopotelea juu unagonga vumbi na unyevunyevu wa bahari, unatawanyika, unaturudia. Ndiyo ile rangi ya chai ya maziwa tuliyozoea kuiita usiku.

Nilianza na kilichokuwa kwenye uwezo wangu. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 bila mwanga ili lizoee giza, na sekunde chache za kioo cha simu zinatosha kuharibu kazi yote hiyo. Simu nikaacha ndani. Jirani ana taa kali inayomulika paa letu lote, na sikutaka ugomvi naye, basi nikawa najifunika kanga kichwani mpaka mabegani, naacha nafasi ndogo ya kuchungulia, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikajifunza pia kutoikodolea macho nyota hafifu. Ukitazama pembeni yake kidogo, yenyewe inajitokeza, kwa sababu sehemu ya jicho inayohisi mwanga mdogo haiko katikati. Kwa kanga hiyo na subira nikaipata ya nne. Ya tano, hata siku mtaa mzima umeme ulipokatika, nilikuwa naiona kidogo kisha inanipotea.

Hapo ndipo nikaamua kutoka nje ya mji, na safari ya kwanza nikaikosea. Tulikwenda Bagamoyo, mimi na mdogo wangu wa kiume, kwa gari la kuazima. Bagamoyo ni pazuri na juu ya vichwa vyetu nyota zilikuwa nyingi kweli. Lakini Bagamoyo iko kaskazini ya Dar, na Msalaba uko kusini. Nilipogeuka kuutafuta, upande huo huo wa kusini ndipo mwanga wa Dar ulipopanda kama moshi wa tanuri. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita 60 nikaenda kuliweka jiji katikati yangu na kitu nilichokifuata. Ile ya tano ilikuwa inakuja na kupotea, kama nyumbani umeme ukikatika.

Njiani kurudi ndipo liliponiingia jambo ambalo sasa namwambia kila anayeniuliza: usitafute umbali peke yake, tafuta upande. Jiji liwe mgongoni. Kama unataka kuona kusini, toka kwa kusini. Kwa mkaazi wa Dar hiyo maana yake ni Kigamboni, na siyo Kigamboni ya darajani na kwenye majumba mapya, bali kule mbele kabisa, Kimbiji, ambako mashariki na kusini-mashariki hakuna kitu ila Bahari ya Hindi.

Jambo la pili ni mwezi, na hapo nilisaidiwa na kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa sebuleni. Kuanzia tarehe 27 mpaka mwezi mpya unapoandama na siku mbili tatu baada yake, usiku ni giza. Nikachagua tarehe 28, iliyoangukia Julai, mvua zimekwisha. Kusi linavuma kwa nguvu msimu huo na mawingu yanapita, lakini yanapita. Hayakai kama ya masika.

Watu wawili kukaa ufukweni usiku kucha na mkoba wa vyombo ni jambo la kutiliwa shaka, na wenyeji wana haki. Tulifika mapema, tukaenda kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukamwonyesha darubini yetu, ile ndogo ya macho mawili ya 10x50 niliyoinunua mtumba, tukamweleza. Akatupeleka kwa mzee mmoja mvuvi ambaye nyumba yake iko karibu na maji.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Mmekuja kuangalia nyota? Basi mmeijua siku. Leo hamna mwezi, hata sisi tunatoka na taa kwenye dagaa.”

Akatuonyesha pa kutandika mkeka, juu ya alama ya bamvua, maana mwezi ukiwa giza maji yanajaa sana jioni. Hilo nisingelikumbuka. Kufika saa nne usiku yalikuwa yametoka mbali, mchanga uko wazi mpaka kwenye mwamba.

Huku kwetu jua likizama halichelewi. Saa moja na nusu usiku giza lilikuwa limekamilika. Nyuma yetu, kaskazini-magharibi, Dar ilikuwa bado inaonekana kama doa la rangi ya dengu chini ya mawingu. Mbele, hakuna. Tochi tulikuwa tumeifunika kwa nailoni nyekundu mara mbili, tukaizima hata hiyo. Nikasubiri nusu saa nzima bila kuhesabu chochote. Nilikuwa naogopa kuhesabu.

Msalaba ulikuwa umeanza kulalia kulia, kusini-magharibi. Moja, mbili, tatu, nne. Na ya tano, imetulia mahali pake, sikuhitaji hata kutazama pembeni. Lakini kilichonifanya nimshike mdogo wangu mkono ni kitu kingine: ubavuni mwa Msalaba palikuwa na tundu jeusi, kama mtu ametoboa Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, kwa kidole. Linaitwa Mfuko wa Makaa. Siyo tundu, ni wingu kubwa la vumbi lililo mbele ya nyota, linazizuia. Sinza huwezi kuliona hata kwa ndoto, kwa sababu ili uone weusi juu ya weupe lazima kwanza uwepo huo weupe.

Tukashika darubini kwa zamu. Omega Centauri, ambayo kwa macho ni kinyota chenye ukungu, ndani ya darubini ikawa mpira wa pamba unaong’aa. Ni mamilioni ya nyota zilizosongamana, mbali nasi miaka ya nuru takriban 17,000. Nge, kundi la nyota lenye umbo la mdudu huyo, alikuwa juu kabisa, mkia wote umejikunja, kifua chake chekundu. Saa nne na nusu Njia Nyeupe ilipita juu yetu toka upeo hadi upeo, na pale penye uvimbe, nyuma ya mkia wa Nge, ndiko kilipo kitovu cha galaksi yetu. Chumvi ya kusi ilikuwa inatanda kwenye lenzi, nikawa naifuta kwa ncha ya kanga kila baada ya dakika kumi. Nasikia kufuta hivyo kunachuna kioo. Sikuwa na kingine.

Mzee alitoka kwenda baharini, akapita kutuaga. Nikamuuliza kama Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizokaribiana, kinaonekana siku hizi. Akasema kisubiriwe, kinatoka usiku mkubwa, kisha akaitaja ile kauli ya zamani niliyowahi kuisikia kwa bibi yangu: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na ni kweli. Mei, katikati ya mvua, kundi hilo hupotelea kwenye mwanga wa jua. Juni, kiangazi kimeingia, linarudi upande wa mashariki kabla ya alfajiri.

Tukajifunika, tukanywa chai ya chupa, mdogo wangu akalala kidogo. Mashariki taa za ngalawa za dagaa zilikuwa zimejipanga kwenye upeo kama mtaa. Saa tisa na ushee, juu kidogo ya taa hizo, upande wa kaskazini-mashariki, pakapanda kitu kidogo kama pumzi kwenye kioo. Nikamwamsha. Kikapanda mpaka kikaachana na ukungu wa bahari.

“Hesabu,” nikamwambia.

Akahesabu kimya, midomo ikicheza. “Sita, dada.”

Nami niliziona sita. Tulikaa nazo mpaka adhana ya alfajiri ilipotoka msikitini, na ngalawa zikaanza kuzima taa zao moja moja.